Kijitabu nimekitoa bure, wengine wanakiuza: niondoe "si kwa biashara"?

Shangazi, shikamoo.

Nakusoma kila wiki, leo nami nina langu. Naishi Kiboriloni, Moshi, nina watoto wawili. Nilisomea kilimo, nikaajiriwa kwenye mradi uliokuwa ukitembelea wakulima wa kahawa na migomba kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Uru, Kibosho na Old Moshi. Mradi ulipoisha nikabaki na madaftari yaliyojaa maswali ya wakulima, nikaona haifai yaozee kabatini. Nikaandika kijitabu cha kurasa 64 kuhusu magonjwa ya kahawa na migomba, kwa Kiswahili ambacho mzee wa kihambani anakielewa bila kutafsiriwa. Michoro yote kachora mdogo wangu wa kiume kwa mkono. Ukurasa wa mnyauko wa panama, kwa mfano, una shina la mgomba lililokatwa, ndani linaonyesha mistari ya kahawia inayoelekea wekundu, na chini yake nimeandika kwa herufi kubwa: HAKUNA DAWA YA KUPULIZIA INAYOPONYA UGONJWA HUU. NG'OA, NA MACHIPUKIZI YAKE USIPANDE KWINGINE.

Nilikiweka mtandaoni bure. Rafiki yangu wa chuo akanishauri nitumie leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa iliyoandikwa tayari ya kuwaachia watu watumie kazi yako kwa masharti, yenye herufi BY-NC-SA. Akanieleza kwamba BY maana yake lazima wanitaje, NC wasikifanyie biashara, na SA ni kwamba atakayekibadilisha na kukisambaza naye akitoe kwa masharti yaleyale. Hiyo NC ndiyo iliyonipa amani, maana sikutaka mtu atajirike kwa jasho langu.

Sasa angalia yaliyonikuta. Kuna steshenari karibu na stendi wanakidurufu, wanakibana spairo na kukiuza shilingi 5,000. Nilipouliza, kijana wa pale akasema wateja wenyewe ndio wanaoleta faili kwenye flashi, yeye anatoa kopi tu. Lakini nakala nyingine nimeziona kwa macho yangu zimening'inizwa dirishani.

AMCOS moja ya huku juu, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ilitaka kuchapa nakala 500 iwauzie wanachama kwa bei ileile ya uchapaji. Katibu aliposoma "si kwa biashara" akaogopa, akasema bodi haitaki kesi. Wakaacha. Kijana mwingine anayehariri Wikipedia ya Kiswahili aliniomba michoro ya magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani, aiweke kwenye makala, kisha akarudi kusema haipokelewi kwa sababu ya NC. Hilo sikulielewa kabisa, kwani Wikipedia si ya bure?

Halafu amekuja mfanyabiashara wa pembejeo, huyo ana hela mkononi. Anataka kukichapa kwa wingi, nembo yake ikae jaladani, na ile sentensi ya panama iondolewe. Nilikataa, ila usiku nilipiga hesabu ya ada za watoto nikalia.

Mume wangu anasema nikifute mtandaoni, kwa kuwa watu wananitumia "Mungu akubariki" kwenye WhatsApp na hakuna anayeuliza tumekula nini. Rafiki yangu naye anasema niondoe NC. Nikiiondoa si nitakuwa nimewaruhusu wote wanaonitafuna? Na nitaishije? Kazi hii naipenda, Shangazi, sitaki kuiacha. Nina hata bango la rangi la ukutani ambalo sijalitoa bado, naogopa nalo litakwenda hivyohivyo.

Mwandishi wa Kiboriloni, Moshi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu, sababu zifuate. Ondoa NC kwenye kijitabu hiki, bakiza BY na SA, na hela uidai kule iliko. Nasema hivi nikijua una ada za kulipa. Kama ningeona NC inakuletea hata gunia la mkaa, ningekwambia uing'ang'anie.

Tuangalie kwanza hilo sharti linasema nini hasa. Kwenye toleo la 4.0 la leseni hizo, lililotoka mwaka 2013, matumizi yasiyo ya biashara ni yale ambayo hayakukusudiwa hasa, wala kuelekezwa, kwenye faida ya kibiashara au malipo ya fedha. Kinachopimwa ni matumizi. Mtumiaji ni nani, hilo halipimwi. Shirika la dini linaweza kulivunja, na kampuni inaweza isilivunje. Ukisoma maneno hayo mara mbili utaona kwa nini katibu wa AMCOS aliogopa. Ushirika unapouza kwa gharama ya uchapaji, bila shilingi juu yake, ni biashara au si biashara? Mimi naona si biashara. Mwanasheria mwingine atasema pesa imepita mikononi, kwa hiyo tujadiliane. Bodi ya wakulima haina muda wala hela ya kujadiliana. Inafunga faili na kuendelea na mengine.

Ya steshenari yamewahi kufika mahakamani, na yatakushangaza. Nchini Marekani kuna shirika linaitwa Great Minds, lilitoa vitabu vyake vya hesabu kwa leseni ileile yako, BY-NC-SA. Shule zikawa zinapeleka kazi ya kudurufu FedEx Office, na FedEx Office inalipwa kwa kopi. Great Minds wakashtaki, wakidai duka linafanya biashara na vitabu vyao. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikawakatalia: shule ina ruhusa ya kudurufu, na mwenye ruhusa anaweza kumlipa mtu amfanyie kazi hiyo. Mwaka 2019 mahakama nyingine ya rufaa ikaamua vivyo hivyo kuhusu Office Depot. Hukumu hizo haziifungi mahakama yoyote ya Tanzania, lakini maandishi ya leseni ni yaleyale. Kwa hiyo kijana wako wa stendi, mkulima akimletea flashi na kumwambia nitolee kopi, ana hoja nzito. Zile za dirishani ni habari nyingine: kachapa kwa hesabu zake mwenyewe ili auze. Hapo NC inavunjwa, na ungeweza kumdai chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, wala usingehitaji kuwa umesajili kijitabu chako COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kwanza, kwani haki ilizaliwa siku ulipokiandika. Lakini hebu fikiri. Utamfungulia kesi mwenye mashine moja ya kudurufu kwa faida ya elfu mbili kwa nakala? Nauli za kwenda na kurudi mahakamani zitaimeza fidia yote.

Jumlisha sasa. Asiyeogopa sharti lako anaendelea kuuza dirishani. Wanaoliheshimu, yaani AMCOS na yule kijana wa Wikipedia, wamerudi mikono mitupu, na hao ndio ulioandika kwa ajili yao. Hili ndilo linalonifanya niseme liondoke.

Wikipedia umeuliza vizuri. Kusoma ni bure, lakini bure hiyo haiishii kwenye kusoma. Maandishi yake yako chini ya BY-SA, na picha zake nyingi zinatoka Wikimedia Commons, ghala lililofunguliwa mwaka 2004 ambalo halipokei kitu chenye NC. Sababu yao ni kwamba mtu yeyote aweze kuchukua na kupeleka mbele, hata anayelipwa kwa kazi ya kupeleka. Kuna programu ya Kiwix inayobeba Wikipedia nzima ndani ya simu au flashi, ikasomwa pasipo intaneti. Fundi simu wa Mbuyuni akiijaza kwenye kadi na kumuuzia mwalimu wa shule ya huko juu ambako mtandao unakuja na kuondoka, anaruhusiwa. Mchoro wa mdogo wako wa chulebuni, zile punje mbichi zenye mabaka meusi yaliyobonyea, ungefika huko bila wewe kulipia nauli. Kiswahili kina makala chache mno za kilimo zenye picha zinazoeleweka. Hili linaniuma, nasema wazi.

Sitaki uondoke ukidhani NC ni dhambi. Chuo cha MIT kinatoa masomo yake mtandaoni kwa BY-NC-SA, na Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, nao wanatumia NC. Ila angalia wao wanalipwa na nani: chuo chenye fedha zake, wafadhili wakubwa. Wana wanasheria wa kujibu barua za watu wanaouliza kama hili linaruhusiwa au la. Wewe unajibu barua hizo usiku, watoto wakishalala.

Na kuna faida moja ya NC nisiyoweza kuificha: inamlazimu mwenye hela kuja kubisha hodi. Mfanyabiashara wa pembejeo alikuja kwako kwa sababu hiyo. Ukiondoa NC, anaweza kuchapa bila kukuuliza. Lakini tazama hawezi nini. Lazima akutaje. Lazima aonyeshe leseni, kwa hiyo mnunuzi atajua kijitabu hiki kinapatikana bure. Akibadilisha chochote lazima aseme kimebadilishwa, na alichobadilisha naye akitoe kwa BY-SA, nawe una haki ya kumtaka aondoe jina lako kwenye toleo hilo. Haruhusiwi kuonyesha kwamba wewe unaunga mkono bidhaa zake, kwani leseni yenyewe inakataza. Nawe toleo lako, lenye ile sentensi ya panama kwa herufi kubwa, linabaki palepale mtandaoni, kwenye ushirika, kwenye Wikipedia. Kinga ya sentensi ile ni nakala sahihi kuwa nyingi kila mahali, hata mkulima akikuta ya uongo aitambue. Ulipokataa hela yake ulifanya jambo kubwa. Kuna mzee mahali fulani Uru ambaye hatamwaga shilingi elfu themanini kwenye dawa isiyoponya kitu, kwa sababu ulisema hapana.

Kabla hujagusa leseni, kaa na mdogo wako. Michoro ni yake. Wewe una hakimiliki ya maandishi, yeye ya michoro, isipokuwa kama mliandikiana vingine, na najua hamkuandikiana, ndugu hawaandikiani. Mweleze kwamba michoro itaweza kutumika hata na wanaofanya biashara, ili mradi atajwe jina. Akikubali, asaini karatasi. Akikataa, badilisha leseni ya maandishi peke yake na uandike wazi ukurasa wa mbele kwamba michoro ina masharti yake. Mweleze pia kwamba leseni hizi hazirudi nyuma: aliyepata kazi kwa BY-SA anabaki na ruhusa hiyo hata mkibadili mawazo kesho. Kufungua ni rahisi, kufunga tena haiwezekani. Ndiyo maana namtaka akubali kwa moyo, asiburuzwe.

Kwa sababu hiyohiyo, ushauri wa mume wako wa kukifuta haukusaidii. Ukikifuta leo, walionacho bado wanaruhusiwa kukisambaza kwa masharti uliyokwisha kuwapa, na nakala za dirishani hazitatoweka. Utakayekuwa umemwondoa ni wewe mwenyewe, maana toleo jipya lenye masahihisho halitakuwapo. Ila usimgombeze. Anachosema kuhusu "Mungu akubariki" ni kweli tupu, na hapo ndipo ninapotaka tukae zaidi.

Hela ya kazi huria, yaani iliyoachiwa kila mtu aitumie na kuisambaza, haipatikani kwa kufunga nakala. Inapatikana kwa vile visivyoweza kudurufiwa, na cha kwanza ni wewe. AMCOS ikichapa nakala 500, ni nani atakayesimama kwenye kihamba na kumwonyesha mkulima tofauti ya chulebuni na jua kali? Siku moja ya mafunzo shambani ina bei: nauli, chakula, na ujira wa mtaalamu. Itaje bei hiyo kabla ya kukubali siku, usingoje bahasha. Watu wetu wanaheshimu bei iliyotajwa, wanaona aibu wakiombwa baadaye. Na usiogope kwamba unaomba fadhila. Ushirika una kanuni 7 zinazotambuliwa duniani kote, na ya tano ni elimu, mafunzo na habari kwa wanachama. Hapa mlimani hilo si geni. KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa cha Kilimanjaro, ilisajiliwa mwaka 1933, na wakulima wamezoea ushuru kukatwa kwenye kila kilo ili ushirika uendeshe shughuli zake. Omba nafasi kwenye mkutano mkuu. Waambie kijitabu mtakuwa nacho bure milele, lakini toleo la mwaka kesho, lenye ukurasa wa aina mpya za kahawa za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungo, zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, linahitaji mtu alipwe kuliandika. Liingizwe kwenye bajeti ya elimu.

Hilo la kulipwa kabla ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Sisi tunajua kuchanga. Kamati ya harusi haingoji wageni washibe ndipo ipitishe kofia. Ahadi zinaandikwa, mweka hazina anapiga simu, pesa inaingia, ndipo sufuria inawekwa jikoni. Fanya toleo lijalo hivyohivyo. Tangaza kazi, taja kiasi, taja kwamba kikifika kijitabu kitatoka huria kwa kila mtu. AMCOS moja ikitoa, nyingine ikitoa, mwenye kiwanda cha kukoboa akitoa, hata yule wa pembejeo anakaribishwa kuchangia na jina lake likawekwa kwenye ukurasa wa shukrani, ila asiguse sentensi hata moja. Hapo unauza kuandika kwenyewe. Ukishalipwa kwa kuandika, kopi za stendi hazikuumizi tena, zinakusambazia.

Wapo waliofanikiwa kwa njia za jamaa hii. Afrika Kusini kuna Siyavula, vitabu vyao vya hesabu na sayansi vya sekondari viko huria, na mwaka 2012 serikali yao ilivichapa na kuvipeleka mashuleni. Kampuni inapata kipato kwa huduma ya mazoezi mtandaoni inayolipiwa. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, wanatoa vitabu vya kiada: kwenye skrini unasoma bure, ukitaka cha karatasi unanunua. Wewe nawe unaweza kuwa na nakala zako nzuri, karatasi ngumu isiyoloa umande, michoro mikubwa, na mtu akanunua kwako huku faili analo bure kwenye simu, kwa sababu ya shambani anataka ya kushika.

Kwa yule wa steshenari, nenda na nakala mpya. Mwambie auze, ila atumie hii yenye jina lako, leseni, na namba ya kulipia kwa simu kwenye ukurasa wa pili, yenye maneno "Kijitabu hiki ni huria. Kikikusaidia, changia toleo lijalo." Anaweza kuing'oa namba hiyo, leseni haimzuii, lakini wengi hawahangaiki kung'oa. Na mwombe mia tano kwa kila nakala kwa hiari. Akikataa, umepoteza soda. Akikubali, umepata msambazaji stendi.

Bango la rangi je? Hilo lizuie. Liuze. Hakuna amri inayosema mtoa elimu huria atoe kila alichonacho. Kijitabu kina maarifa ambayo mkulima asiyeyajua anapoteza shamba, bango ni pambo la ukutani lenye maarifa hayohayo. Liache na haki zako zote na upate nalo ada.

Nawageukia kidogo ninyi wengine mnaosoma. Mna mafaili mangapi kwenye simu zenu ya watu kama huyu? Notisi za kidato cha nne, sheria ndogo za ardhi zilizoelezwa kwa Kiswahili, mafunzo ya kompyuta, kamusi za lugha za nyumbani. Mmefaulu nazo, mmevuna nazo, mmepata kazi nazo. Elfu mbili kwa simu inatumwa kwa dakika moja. Na kama elfu mbili haipo, mtaje mwandishi kwa jina mnapotuma faili kwenye kundi, mpelekeeni kosa mliloliona ili alirekebishe, mtajeni mbele ya mkuu wenu wa kazi anapotafuta mkufunzi wa kulipwa. Kuandika kwa Kiswahili vitu vya manufaa na kuvitoa bure ni kazi nzito, na wanaoifanya wanachoka na kuacha kimyakimya. Nimewaona wakiacha. Tafadhali msiwaachie waache.

Mwanangu, nimalizie na AMCOS, maana msimu hausubiri. Wewe ndiye mwenye haki, kwa hiyo huhitaji kungoja mabadiliko ya leseni ili kuwapa ruhusa. Kesho asubuhi andika barua hii, iwe fupi:

"Mimi, mwandishi, na mdogo wangu, mchoraji, tunauruhusu ushirika wenu kuchapa kijitabu chetu kwa idadi mnayotaka na kuwauzia wanachama, bila kutulipa kwa nakala, mradi majina yetu yabaki na maandishi yasibadilishwe bila kutuuliza. Tunapendekeza siku ya mafunzo shambani kabla ya kupogoa. Gharama zake ziko ukurasa wa nyuma."

Ukurasa wa nyuma jaza hesabu kamili, na usipunguze hata mia kwa sababu ya aibu. Wote wawili msaini, ibaki nakala nyumbani. Katibu apelekewe kwa mkono, si kwa WhatsApp, ili iingie kwenye faili la bodi.